Watu wa Mizinga Wanatakiwa Jumbani

Fimbo ya Bibi ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba yetu ya mjini, mtaa wa Kiponda. Chumba chake kilikuwa juu ya ukumbi, na kila alipotaka jambo aliigonga sakafu, vumbi la chokaa likatudondokea kwenye chai. Mwaka ule alioanza kuumwa kifua aligonga alfajiri, akagonga adhuhuri, akagonga hata nikiwa nimekaa pembeni yake namkuna mgongo. Hakutaka maji wala uji. Alitaka kujua kama kaka yake, aliyempelekea salamu aje, ameshafika kutoka shamba, Uroa. Nikimwambia bado, husonya, akageukia ukutani, na baada ya kitambo kidogo huanza tena. Sote tulikuwa roho juu. Mama, aliyekuwa akisifika kwa mapishi, aliunguza wali, na Baba barazani hakukaliki, anatoka na kurudi kama kuku anayetaka kutaga.

Kisa chenyewe kilikuwa babu yao, mzee aliyekufa kabla Bibi hajazaliwa. Bibi alikuwa akisema, tena kwa kujinata, kwamba siku manowari za Waingereza zilipolipiga jumba la mfalme, yule mzee alikuwa miongoni mwa raia waliojitolea kushika mizinga. Askari wenye kuijua kazi hiyo walikuwa wachache, kwa hiyo waliingia makarani, watumishi wa jumbani na wachukuzi wa bandarini, watu ambao baruti walikuwa wakiisikia harufu yake sikukuu tu. Bibi akifika hapo hunyoosha fimbo hewani, utadhani yeye ndiye anayeamrisha. Lakini kaka yake, Babu Makame, kila alipoulizwa harusini au msibani alijibu kwa mkato kwamba naam, mzee alikuwa mtu wa mizinga, mizinga ya nyuki. Watu walivunjika mbavu, maana neno ni hilo hilo, mzinga wa kupigia watu na mzinga wa kufugia nyuki. Bibi alinuna. Wakaacha kutembeleana, Idi zikawa zinapita hivi hivi.

Sasa alikuwa anaumwa, na hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba atakufa, aende akakutane na yule mzee, naye amemsingizia maisha yake yote. Kaka yake ndiye pekee aliyebaki hai aliyeyasikia mambo hayo kutoka kwa mama yao. "Kama nimeongopa, nambiwe niombe radhi," alikuwa akinambia. "Nshachoka kubeba jambo nisilolijua." Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilishaelewa kwamba Babu Makame akija na lile jibu lake la kuchekesha, Bibi hatapona. Nilimchukia kabla hajafika.

Alifika Ijumaa moja baada ya sala, na pakacha la muhogo mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akavua viatu, akapanda ngazi akihema. Bibi hakumkaribisha wala hakumuuliza habari za nyumbani. Alimuuliza tu kama mzee alikuwapo kwenye mizinga au hakuwapo. Babu Makame alikaa kwenye kigoda, akaivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nilitamani nimpokonye.

"Zuwena," alisema mwisho, "mzee alikuwa mtu wa nyuki. Alikuja mjini kuuza asali. Ikapigwa mbiu kwamba watu wa mizinga wanatakiwa jumbani. Akadhani mfalme anataka asali."

Bibi alimkodolea macho. Kisha alicheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, nikamshika mabega. Alipopata pumzi aliuliza, kwa sauti ndogo sana, ikawaje alipojua.

Babu Makame alieleza taratibu, macho yake chini. Mzee aliingia jumbani na ndoo yake na furushi la makumbi ya nazi ya kufukizia nyuki. Waliokuwa pale walimcheka, mkubwa wao akamwambia arudi zake shamba. Mzee akawatazama wale makarani wanavyohangaika na mzinga wasioujua, akaiweka ndoo ukutani, akauliza ashike wapi. Jumba likapigwa, likawaka. Alirudi Uroa kwa miguu, mzima, ila masikio yamekufa. Na mfugaji nyuki kazi yake ni sikio: huliweka kwenye gogo la mzinga akajua kama wamejaa, kama wana hasira, kama wanataka kuhama. Tangu siku ile mama yao, ambaye alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akitega sikio kwenye mizinga, akimwonesha baba yake kwa vidole.

"Mbona hukunambia, Kaka?"

"Mama alinikataza. Alisema watu watamcheka. Nikaona bora wacheke nyuki."

Bibi alimshika mkono, wakalia wote wawili, watu wazima wale, nami sikujua pa kuangalia. Siku zile zilizobaki hakugonga sakafu. Alikufa kabla ya mwezi kuandama, na kwenye hitima yake Babu Makame ndiye aliyekaa mwanzo wa safu.

Nyumba ya Kiponda sasa ni hoteli. Nikipita Forodhani, karibu na lilipokuwa jumba la mfalme, nawasikia vijana wanaotembeza wageni wakitangaza kwamba hapa ndipo vilipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, havikutimia hata saa, na wageni wanaangua kicheko, wengine wanapanda juu ya mzinga wa zamani uliowekwa pale wapigwe picha. Babu Makame alikiogopa kicheko cha mtaa mmoja. Siku hizi watu wanapanda ndege kuja kucheka. Zamani hasira zilikuwa zikinipanda, nikageuza njia. Majuzi nilisimama. Mgeni mmoja anayejua Kiswahili aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama ni kweli vita vile vilikuwa vifupi namna hiyo. Nikamwambia vya mfalme sivijui. Vya mzee wetu vilikwisha siku aliyokufa, na mpaka siku hiyo binti yake ndiye aliyekuwa akimsikilizia nyuki.