Kioo Kilichobarikiwa Olbalbal

Siku ile ndani ya boma tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu Paulina, mwenyeji wetu Lemayian, mke wake Naserian aliyekuwa mjamzito, na mama yake Lemayian, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi.

Sababu ya kuondoka nyumbani ilikuwa mimi mwenyewe kutoelewa. Tangu wazazi wetu wafariki niliacha shule, nikashika jembe hapa kijijini Qurus, Karatu, na Paulina akasoma. Sasa anafanya kazi maabara Arusha, na kila nikimuuliza anafanya kazi gani, hujibu: "Nachapa, kaka." Nikimuuliza anachapa vitabu gani, hucheka. Aliposema anakwenda Olbalbal, kijiji cha Wamaasai ng'ambo ya kreta, kupima maziwa ya ng'ombe na anahitaji mtu wa kumsaidia mizigo, nikasema nitakwenda, nikaone huko kuchapa.

Karatu mjini, asubuhi, tulipata nafasi kwenye Land Cruiser iliyopeleka unga wa sembe vijijini. Tulikaa juu ya magunia, sanduku la Paulina likiwa mapajani mwangu. Alilifungua kidogo nione. Ndani mlikuwa na vioo vidogo, kila kimoja sawa na ukucha wa kidole gumba, vimepakwa dhahabu nyembamba sana. Nilipokiinamisha kimoja kikatoa rangi, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi.

"Unajua mhuri wa mtendaji wa kijiji?" akaniuliza. "Mpira, wino, unagonga. Na mimi nina mpira, ila umechongwa mistari midogo mno, hata macho hayaioni. Wino wangu ni chembechembe za kijidudu kilichokufa, kile kinachofanya ng'ombe watupe mimba, hata mama anayekunywa maziwa yao mabichi. Ng'ombe mwenye ugonjwa, maziwa yake yana askari wanaokijua kijidudu hicho. Wakipita hapo wanaking'ang'ania."

"Sasa kama haionekani, unajuaje kama umegonga?"

"Kwa mwanga."

Kila neno nililielewa, ila yote kwa pamoja hayakuingia. Akaona uso wangu, akatoa kioo kimoja kilichofungwa kwenye nailoni yake, akanipa. "Hiki ni cha ziada. Kikae kwako, utaelewa polepole." Nikakifunga kwenye leso, nikaweka mfuko wa shati.

Kwenye geti la hifadhi tulikaguliwa, tukaanza kupanda msituni. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito, wazungu wamesimama wakipiga picha ukungu. Dereva akasema, "Wamelipia, lazima waone kitu." Kisha tukashuka upande wa pili, baridi ikabaki nyuma, na vumbi la Olbalbal likatupokea kabla ya watu.

Bomani, Koko alitoka kutupokea. Nikamsalimu kwa Kimaasai changu cha mnadani: "Takwenya, Koko."

"Iko!" akaitikia, akamgeukia mwanawe na kusema kitu. Lemayian akacheka.

"Anauliza kama Mmbulu huyu amekuja kurudisha ng'ombe zetu."

"Mwambie bado tunawatunzia," nikajibu, maana sisi Wairaqw, ndio Wambulu, tuliibiana ng'ombe na Wamaasai tangu enzi za mababu. "Malisho ya Qurus ni mazuri."

Tukacheka wote, tukapewa chai ya maziwa. Baada ya hapo hakuna aliyecheka kwa muda. Lemayian alieleza kwamba ng'ombe wawili wametupa mimba msimu huu, na Naserian alipoteza mimba mwaka jana. Sasa anayo nyingine, na kila asubuhi anakunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mmoja mwekundu aliyepewa alipoolewa. Koko alitaka kujua jambo moja tu: yule mwekundu ni mzima au mgonjwa?

Paulina akafungua sanduku, akavitoa vioo vyote kwenye nailoni zake na kuvipanga humo sandukuni tayari kwa kazi. Koko akasogea, akauliza kwa Kiswahili chake kidogo:

"Hivi ndivyo vitakavyosema?"

"Ndiyo, Koko."

Bibi akalichukua sanduku kwa mikono miwili, akaomba kwa sauti ya chini, akavitemea mate kidogo, mara mbili, kama wanavyobariki mtoto. Naserian na Lemayian wakaitikia, "Naai," kama sisi tusemavyo amina. Na mimi nikaitikia, maana baraka ni baraka.

Nikamtazama Paulina. Alikuwa ameganda.

"Kaka," akaninong'oneza kwa Kiiraqw, "vimekufa."

Nikavitazama. Viling'aa vilevile, vina rangi zilezile. "Vimekufa wapi?"

"Mate yana vitu vyake. Vimeshagandia kwenye mistari. Sasa hata maji vitayaita ugonjwa."

Sikujua tufanyeje. Kumwambia mtu mzima kwamba baraka yake imeharibu kitu, kwetu ni matusi. Lakini Paulina alimgeukia Lemayian na kumweleza yote. Lemayian akatafsiri huku akitazama chini. Koko akajibu kwa Kimaasai, na mwanawe akatafsiri kwa shida:

"Anasema kitu kinachokataa baraka kimeingiaje boma hili?"

Ndipo nilipokumbuka leso yangu. Paulina akakikagua kile kioo, nailoni haikuwa imefunguka. Akakimulika kwa taa ndogo nyekundu na kupiga picha, kisha akakidondoshea maziwa ya yule mwekundu, akasubiri, akakisuuza, akakimulika tena. Kwenye karatasi nyeupe vikatokea vidoa vya mwanga vilivyojipanga. Akavipiga picha kwa simu, akalinganisha na picha ya kabla.

"Vimeng'aa zaidi," akasema.

"Ni mgonjwa?" Lemayian akauliza.

"Sijui."

"Si umesema vimeng'aa?"

"Huenda ni ugonjwa, huenda ni mafuta ya maziwa tu. Nilihitaji kioo cha pili, cha maziwa ya ng'ombe mzima, nilinganishe. Sina."

Koko akagonga fimbo chini. "Ndiyo au hapana!"

Paulina akarudia mbele yake: "Koko, sijui."

Nilitaka kumvuta mkono. Kumsomesha miaka yote ile, na hili ndilo jibu?

Naserian ndiye aliyeuliza: "Nichemshe au nisichemshe?"

"Chemsha. Yote, kila siku, mpaka nirudi."

"Maziwa ya kuchemsha ni maji meupe," Koko akalalamika. Naserian alikuwa ameshateleka sufuria.

Wakati wa kuondoka, Koko alimwita Paulina zizini, akamwekea kondoo jike mchanga mikononi. Lemayian akaeleza kwamba waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina, huitana Paker. "Atakaa hapa hapa. Ukileta jibu, utamkuta."

Njiani kurudi nilimuuliza Paulina kwa nini hakusema tu ndiyo, bibi atulie.

"Angemchinja yule ng'ombe, kaka. Na kama ningesema hapana, Naserian angeendelea kunywa."

Kuchapa kwake bado sikuelewi vizuri. Nilichojifunza ni kwamba "sijui" nayo husomewa, na kuitamka mbele ya fimbo ya Koko ni kazi ngumu kuliko kulima.

Jana Lemayian alinipigia simu. Naserian hajambo, tumbo linakua, maziwa yanachemshwa. Kisha Koko akaichukua simu, akasema neno moja tu la kuuliza:

"Paker?"

Paulina yuko Arusha, anagonga vioo vipya. Mimi ndiye niliyeitikia, na jibu bado sina.