Mguu wa Shabani na Maneno ya Nyumbani

Enzi za utoto wangu, nyumbani kwetu Chamazi, ungeweza kuvunja sahani ukasamehewa, ukachelewa kurudi dukani ukasamehewa, lakini kumruka mtu aliyelala, thubutu. Bibi yetu, mzaa mama, aliamini kwamba aliyerukwa harefuki tena. Dawa yake ilikuwa moja: yule yule aliyekuruka akuruke tena kurudi alikotokea, kabla hujainuka. Ukiinuka hujarudishwa, basi tena. Ushahidi alikuwa nao, eti fundi cherehani wa mtaa wa pili alirukwa na dada yake akiwa mchanga, ndiyo maana anapanda kigoda kutundika nguo. Sie watoto tulicheka, lakini miguu ya watu tuliizunguka kama tunazunguka jiko la mkaa.

Siku moja mie sikuzunguka. Kaka yangu Shabani alikuwa amejilaza kwenye mkeka ukumbini baada ya kula, miguu kainyoosha mlango mzima. Nikasikia kengele ya muuza askrimu. Niliiruka miguu ile mbio mbio, na sauti ya Bibi ikanifuata nje kwamba nirudi nimrudishe mwenzangu. Kurudi saa ngapi, na askrimu inaondoka? Nilipoingia tena nikilamba vidole, Shabani alishainuka, yuko uani anadaka mpira ukutani. Bibi alinitazama, akatikisa kichwa, hakunichapa. Ningechapwa ingekuwa afadhali.

Shabani alikuwa na miaka kumi na miwili, mnene, mrefu kuliko wenzake, na kipa. Mtaani walimwita Bonge, na ubonge ule ndio uliokuwa ukiwakata tamaa washambuliaji, maana akisimama golini goli linajaa. Uwanja mkubwa wa mpira ulikuwa karibu na kwetu, na kelele za mashabiki zikitufikia tukiwa tunakula, yeye anaacha kutafuna. Kocha wa mtaa alishamwahidi kwamba likizo ikifika atampeleka kwenye majaribio ya timu ya vijana. Hakuwa na neno jingine mdomoni.

Likizo haijafika, akaanza kuchechemea. Alisema goti linauma. Hakuanguka, hakugongwa, alianza tu kuumwa, siku mbili tatu nafuu, siku nyingine anashika ukuta. Bibi akaniita pembeni, akaniuliza bila ukali, "Unaona sasa, Tatu?" Jioni ile, na jioni nyingine kadhaa, alimlaza Shabani kwenye mkeka, akanisimamisha upande wa mlangoni, akasema bismillahi, nami nikamruka kurudi ndani. Shabani alijikaza asicheke, akawa ananinong'oneza niruke vizuri nisije nikamkanyaga goti lenyewe bovu. Na kwa kuwa alikuwa amekatazwa kucheza, maumivu yakapungua. Nyumba nzima tukashusha pumzi. Mie nikaanza tena kulala usingizi.

Yalirudi, makali zaidi. Mama, ambaye kutwa alikuwa Mbagala kwenye biashara yake ya chakula, akasema mtoto apelekwe hospitali. Aliyempeleka ni Bibi, na mie nikafuatana nao kwa sababu hakukuwa na wa kubaki na mie. Njiani Bibi alitupa maagizo ambayo nayasikia mpaka leo.

"Hospitali hatuendi na maneno ya nyumbani. Wakiuliza, kaangukia goti mpirani. Basi."

Aliona aibu kuchekwa na watu wa makoti meupe. Na zaidi ya aibu, sasa najua, alikuwa ananificha mie. Akisema kwamba goti lilianza lenyewe, watauliza kwa nini, na kwa akili ya Bibi, jibu la kwa nini lilikuwa linatembea nyuma yake limevaa kandambili.

Nesi aliyetupokea alikuwa mpole, siwezi kumsingizia. Aliuliza imeanza lini, imeanzaje. Bibi akajibu kavu kabisa kwamba huyu ni kipa, kutwa anaangukia magoti. Shabani alimtazama Bibi, kisha akainamisha kichwa. Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya wageni. Basi nesi akalibonyeza goti, akalikunja, akalinyoosha, na Shabani akapelekwa kupigwa picha ya goti. Picha ikatoka safi. Goti zima, mfupa mzima, apewe vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, apumzike. Tulitoka pale Bibi akiwa mwepesi wa miguu, karibu afurahi. Kama mashine ya hospitali haikuona kitu, basi cha nyumbani ni cha nyumbani.

Tukarudi kwenye mkeka. Majaribio ya timu yakaja, yakapita. Unyayo wa mguu ule ukaanza kutazama nje, na akikaa hawezi kukunja paja afunge kamba za kiatu, mie ndiye nikawa namfungia. Tuliyaona yote hayo kila siku, na kwa kuwa jina la ugonjwa tulishalijua, kurukwa, hatukujisumbua kuuliza. Halafu asubuhi moja aliteleza uani kwenye maji ya kufulia, akashindwa kuinuka.

Hospitali kubwa walimlaza chali, wakailinganisha miguu yote miwili, wakalikunja paja taratibu, nalo likakimbilia nje lenyewe. Ndipo wakapiga picha ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake, kidogo kidogo, miezi yote ile tuliyokuwa tukiruka. Wakamtia skrubu, ikashikilia kilichobaki. Mguu ukabaki mfupi. Bibi alipomwona Shabani anasimama upande hakushangaa hata kidogo, maana yeye alishasema.

Nilikuja kusomea uuguzi. Siku moja darasani mwalimu akatuambia kwamba mtoto akilalamika goti, mkague na nyonga, maana maumivu ya nyonga husafiri yakajitokeza gotini. Na mtoto mnene wa rika lile aliyeanza kuchechemea bila kuumia popote, asiruhusiwe kwenda nyumbani bila picha ya nyonga. Bila kuumia popote. Niliomba ruhusa, nikaenda bombani kunawa uso. Nililia kwa raha kwamba kumbe sikuwa mie, halafu nikalia kwa uchungu nilipofikiria ni nani basi. Ukweli wenyewe, kwamba hakuanguka, ulikuwa mdogo, tena ulikuwa midomoni mwetu wote watatu pale mbele ya nesi.

Leo niko kliniki ya mifupa. Akija mtu na mjukuu wake, nikishaandika maelezo ya kwanza, naweka kalamu chini, nauliza nyumbani wanasemaje. Hapo ndipo wanapoanza kutazamana. Wenzangu hunitania kwamba napenda umbea. Naupenda kweli, na mtoto simpeleki picha kabla sijaupata na kabla sijamwona akitembea.

Shabani nilimweleza. Sasa ni fundi simu, kiatu chake kimoja kina soli nene kuliko kingine. Alinisikiliza akigeuza bisibisi vidoleni, kisha akaniuliza kama angedaka. Nikamwambia labda. Wangeiona nyonga mapema, wangetia skrubu mapema, labda mguu ungebaki sawa.

"Bibi usimwambie," akasema.

Sikumwambia. Bibi alipolala kitandani mwezi wake wa mwisho, mie ndiye niliyekuwa namwogesha. Siku moja alinishika kiganja, akanivuta karibu.

"Tatu, kule kumruka mwenzio, mie nimeshakusamehe. Ulikuwa mtoto."

Maneno yalinijaa kinywani. Nyonga, goti, nesi mpole, yale maagizo ya njiani. Nilikuwa na haki ya kuyasema, na nilitaka kuyasema, nisidanganye. Nikaikausha mikono yake.

"Ahsante, Bibi," nikasema.

Akafumba macho, ametulia. Sijutii kumwachia utulivu ule; mzigo wa kudhani umemharibia Shabani maisha niliubeba utoto mzima, na nisingempa mtu afe nao. Lakini kuna siku namwona kaka yangu anavuka barabara, bega moja linapanda na jingine linashuka, magari yanampigia honi aharakishe, na hasira inanijaa, na sina wa kumkasirikia.