Kikapu Kisichovuja

Ngoja niseme mwenyewe kabla majirani hawajaongeza chumvi. Mimi ni fundi wa vikapu vya nguo chafu hapa mtaani Hewa Bora, na kwa kubana ukindu sina mpinzani. Wenzangu husuka wakiacha matundu. Mimi niliona ni uvivu. Mama Feza alipokuja kununua, nilimimina maji ndani ya kikapu mbele ya watu wote. Halikutoka hata tone.

Juzi akarudi nacho. Ndani mlikuwa na kanzu nyeupe ya Ijumaa ya mume wake, imejaa madoa ya ukungu.

"Fundi, na hewa inapitaka wapi? Basi kama kinashikaka maji, fula hii kanzu humu humu!"

Nikaifua humo humo, nimechutama barabarani, majirani wakicheka. Lakini, wallahi, kikapu hakikuvuja.