Mlango wa Zimamoto

Nilikulia katika laini za nyumba za wafanyakazi wa chai nje ya mji wa Kericho, ambako nyumba zote zilikuwa sawa: ukuta mweupe, bati jekundu, mlango mmoja. Siku moja nilitoka shule na njaa, nikaingia, nikaketi, nikamaliza sahani nzima ya ugali na omena kabla sijagundua kwamba mwanamke aliyekuwa akinitazama hakuwa mama yangu. Hapo ndipo nilipoapa kwamba nikiwa mkubwa, nitajenga nyumba ambazo mtu hawezi kuzikosea.

Chuoni, mwalimu alitusimulia habari za msanifu wa jiji moja la Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, aliyechora shule, masoko na vituo vya zimamoto vya jiji zima. Alituonyesha picha ya kituo chenye tao la matofali mlangoni. Nikajiambia, huyo ndiye mimi. Nilichokosa tu ni jiji.

Nilipopata kazi ya usanifu katika serikali ya kaunti, nilianza na vyoo vya soko. Nikaendelea na vyoo vya soko. Watu waliniita injinia, nami nikaacha kuwasahihisha. Kisha ikaamuliwa kwamba mji mmoja mdogo upande wa Londiani upewe kituo cha zimamoto. Nilikaa na mchoro ule kama mtu anayeandika barua ya mapenzi. Niliambiwa kimo cha gari litakalokuja, nikachora tao la matofali lililopita kimo hicho vizuri kabisa.

Siku ya ufunguzi nilivaa suti. Mama alikuja na kitambaa kipya kichwani, akaketi safu ya mbele bila kualikwa na yeyote ila mimi. Kwaya iliimba, mkubwa wetu akahutubia, kisha gari jekundu likaja taratibu, king'ora kikilia. Likafika mlangoni. Likasimama.

Mama alidhani huo ndio wakati wa kushangilia. Akapiga vigelegele peke yake.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Injinia, hii gari haiwezi ingia."

"Ingia tu pole pole."

"Nikiingia pole pole, itakwama pole pole."

Nilisogea nikatazama. Katikati, tao lilikuwa juu kuliko gari. Lakini pembeni lilishuka, kama matao yanavyoshuka, na pale ndipo pembe za juu za gari zilipotaka kupita. Nilikuwa nimelipima gari kana kwamba lina umbo la yai. Mkubwa wetu alikata utepe haraka, akatangaza kwamba gari litabaki nje "ili wananchi walione vizuri," na watu wakaenda kula.

Mama alinishika mkono. "Lakini mlango ni mzuri, mwanangu. Hata kanisa letu halina mlango kama huu."

Kubomoa tao kungeshusha ukuta wote wa mbele, kwa hiyo nilitumwa nichore kibanda cha nguzo nne na mabati kando ya kituo. Gari linalala humo mpaka leo. Kati ya kazi zangu zote, hicho kibanda ndicho ambacho hakijawahi kulalamikiwa. Ukumbi wenyewe nyuma ya tao ulikaa mtupu msimu mmoja wa mvua, hadi wauguzi wakauomba kwa ajili ya kliniki ya watoto.

Juzi nilipita huko nikajikinga mvua. Akina mama walijaa kwenye mabenchi, watoto wakining'inia mmoja mmoja kwenye mizani, wakilia hadi dari ikarudisha sauti. Ukumbi ule, lazima niseme, una mwangwi wa ajabu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliniuliza kama mimi ni daktari.

"Hapana," nikasema, nikijinyoosha kidogo. "Mimi ndiye niliyechora jengo hili."

Alitazama juu kwenye tao kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Sasa choo uliweka wapi?"

Nilimpeleka mwenyewe, mvuani, hadi mlangoni. Kwenye vyoo, hakuna anayenishinda.