Jiwe Nililolikwepa

Pwaa! Halafu fyaa-fyaa-fyaa, mpira uliochanika ukijipiga chini kama kandambili kubwa ya mtu mwenye hasira. Hadi leo nikiusikia mlio unaofanana nao, hata wa turubai tu likipigwa na upepo sokoni, mikono yangu hukakamaa yenyewe.

Lilikuwa ni tairi la nyuma, upande wa kushoto. Tulikuwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha mama mkubwa, tumepakia ndizi na maharage kutoka huko juu milimani, tunateremka kuja sokoni Mwanga. Ziwa lilikuwa limeshaanza kuonekana kule chini, nami nilikuwa nimeshalivuka kichwani. Nilikuwa naendesha lori langu mwenyewe, jekundu, narudi na shehena kutoka nchi za watu, kibandiko cha maua kwenye kioo. Mimi ndivyo nilivyo. Nikishika usukani naota macho wazi.

Mkia wa gari ukayumba kuelekea katikati ya barabara.

"Breki! Kanyaga breki!" mama mkubwa akapiga kelele.

Sikukanyaga. Aliyenifundisha gari alinikanya hivi: tairi likipasuka, breki ndiyo adui yako, ukiikanyaga kwa nguvu gari litakugeuka. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikautuliza unyooke, nikatoa mguu kwenye mafuta polepole. Gari likanung'unika, likapunguza mwendo lenyewe. Mwendo ulipokuwa mdogo kabisa ndipo nikagusa breki kidogo, nikawasha taa za hatari, nikasogea pembeni hadi penye nafuu ya mteremko.

Gari likasimama. Ndizi moja ikadondoka.

"Mama wee," mama mkubwa akasema, mkono kifuani. "Kumbe nimelea komando!"

Tukafanya yote yanayotakiwa. Nikavuta breki ya mkono. Yeye akakata matawi, akayapanga barabarani nyuma yetu, mbali kidogo, ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Mimi nikatafuta jiwe, kubwa kama mkate, nikaliweka mbele ya tairi la mbele la kulia, upande wa barabara, gari lisije likatuponyoka. Nikalegeza nati kabla ya kupiga jeki, nikafunga tairi la akiba, nikakaza. Mama mkubwa alikuwa ananipiga picha kwa simu, anacheka, ananiambia nigeuke nionekane na spana. Nikageuka. Nikatabasamu.

Matawi aliyaondoa yeye. Mimi nikaingia garini, nikarudi nyuma kidogo, nikakata usukani, jiwe likapita katikati ya matairi. Niliona kabisa. Nililikwepa kama vile ni la mtu mwingine.

Sokoni, mama mkubwa hakushusha hata mkungu mmoja kabla hajasimulia. "Angenisikiliza mimi na breki zangu, saa hizi mngekuwa mnatandika majamvi!" Wanawake wa ndizi wakanipigia vigelegele. Mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa anakunywa uji pembeni, akaniuliza bila kunyanyua macho kwenye kikombe:

"Majani uliweka?"

"Tuliweka, mzee."

"Na jiwe?"

"Niliweka."

"Ukalitoa?"

Nikacheka kwanza. Kisha kicheko kikanikauka. Nikachukua ufunguo, nikamwambia mama mkubwa narudi sasa hivi.

Niliendesha nikiomba. Mungu wangu, liwe limeondolewa na mtu. Liwe limesukumwa na lori likaingia mtaroni. Nilipofika nikaona kwanza wekundu, umetandaa kwenye lami unang'aa juani, nikapiga ukelele nikidhani ni damu. Yalikuwa mawese. Baiskeli ililala upande wake, madumu mawili yamepasuka, na mwanamume wa umri wa mjomba wangu amekaa ukingoni ameukumbatia mkono wake wa kulia. Jiwe lilikuwa pale pale.

"Shikamoo," nikasema. Mtu yuko chini, mimi namwamkia!

"Marahaba," akajibu, meno yameumana. "Mungu akubariki, binti. Wenzako wamepita tu."

Nilitamani aache kunibariki. "Baba, lile jiwe ni langu."

"Jiwe lako? Umelizaa wewe?"

"Nilipasukiwa tairi hapa. Niliweka mimi."

Akalitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. "Sasa kama ni lako, mbona hukuondoka nalo?"

Nikalisukumia jiwe mtaroni, nikapakia baiskeli, nikamsaidia kupanda. Njiani nikamuuliza anafanya kazi gani, nikiombea iwe ya kukaa. Akasema ni mkwezi wa michikichi, na wakati huu ndipo mikungu inaiva. "Mchikichi haupandwi kwa mdomo, binti," akasema, akajaribu kukunja vidole. Havikukunjika.

Hospitali wakasema mfupa umevunjika kwenye kifundo cha mkono. Wakamfunga plasta hadi karibu na kiwiko. Msimu ule asingekwea.

Mkewe alifika anahema, kanga imemponyoka begani. Akamshika mume, akamgeuza-geuza kama mtoto aliyedondoka, kisha akauliza nani kamleta. Mume akanionyesha kwa kidevu: "Huyu." Basi. Mama wa watu akanishika mikono yangu miwili, mikono ile ile, akaanza kuniombea nipate mume mwema, nipate watoto, nipate gari langu mwenyewe. Nikafungua mdomo nimwambie habari ya jiwe.

"Binti," mume akanikatiza, "yale mafuta bado yako barabarani. Bodaboda wakiteremka pale watalala chini mmoja mmoja."

Sijui kama alinihurumia mimi au mkewe. Labda hakuhurumia yeyote, aliwaza tu bodaboda. Mimi, niliyeyaona mafuta yale kwa macho yangu, sikuwa nimewaza hilo kabisa.

Nikarudi peke yangu. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Nikawasha taa za hatari, nikashuka na ndoo. Ukingoni palikuwa na mchanga ulioachwa na mvua. Nikachota, nikamwaga juu ya wekundu, nikausambaza kwa kiganja mpaka vidole vikawa vya rangi ya chungwa. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, akapiga honi, akapita salama. Nikachota tena.