Wageni Saba wa Jino la Marselino

Wananchi wa Mkoa wa Rukwa, simameni, na mwenye kofia aivue. Mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Kitengo cha Meno cha Mkoa kipo, kimekamilika, na kinaongozwa na maofisa saba: Mkuu wa Kitengo, Naibu wake, Mratibu wa Safari, Mtunza Vifaa, Mwelimishaji Umma, Mtakwimu na Mganga. Mchoro wake umebandikwa ukutani mjini Sumbawanga, visanduku saba na mishale kumi na mmoja, umechorwa kwa wino mwekundu na mtu asiyeweza kung'oa hata msumari.

Wote saba walikuwa Atusaye.

Atusaye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mnene wa mikono, mwepesi wa kucheka, aliyeletwa Rukwa kwa miezi mitatu mwaka sabini na tano na kusahaulika huko hadi sabini na nane. Mwenye mchoro alipokosa watu wa kujaza visanduku, alimkaimisha vyote. Basi akitaka kwenda vijijini, Mratibu wa Safari humwandikia barua Mkuu wa Kitengo, Mkuu humwomba Naibu ushauri, na majibu hurudi kwa mkono ule ule, kalamu ile ile. Safari moja alijinyima ruhusa kwa kuwa barua yake haikuwa na namba ya kumbukumbu. "Utaratibu ni utaratibu, mama," alijiambia, akaiandika upya.

Barua ya kukitaarifu kijiji cha Mpui ndiyo iliyozua mambo. Fomu ilidai wasafiri wote waorodheshwe kwa vyeo. Akawaorodhesha.

Alhamisi alfajiri alifunga sanduku la vifaa nyuma ya baiskeli, akakanyaga. Upepo wa Ufipa ukamsukuma kurudi mjini kana kwamba nao una barua ya Naibu. Alasiri akaingia Mpui, vumbi hadi kwenye kope, akakuta kijiji kizima uwanjani, kwaya imejipanga, na viti saba vimefunikwa vitambaa vya kufuma.

Pembeni alikaa Mzee Marselino, mkulima wa ulezi, shavu la kushoto kama boga, kichwa kimefungwa kitenge. Siku tisa alikuwa hajatafuna kitu. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake Adela, na kwa desturi ni baba ndiye humjibu mshenga kwa kinywa chake mbele ya watu. Baba akinyamaza, wakwe watasema amebadili nia, wageuke na ng'ombe wao.

"Shikamoo, baba."

"Mmmba," alijibu Marselino.

"Njoo huku juani nikuangalie." Mpui haikuwa na umeme, taa ya Atusaye ilikuwa jua, na wingu jeusi lilishaanza kulinyemelea.

Felisiani, mwenyekiti wa kijiji, akasimama katikati yao kama lango. "Karibu sana, Ndugu Mganga. Wakubwa zako wako nyuma?"

"Tumefika wote, Ndugu Mwenyekiti."

Felisiani akahesabu. Akahesabu tena. "Namwona mmoja."

"Ndiye huyo."

"Mama, usitutanie. Barua ina mhuri. Kuku saba wamechinjwa! Hapa kwetu mgonjwa haguswi kabla mkutano haujafunguliwa, na mkutano haufunguliwi kabla wageni rasmi hawajasema neno. Wote."

Marselino alitoa mguno uliowainua mbwa.

Atusaye akatazama wingu, akatazama shavu. Kicheko kikaanza kumpanda toka tumboni. Akamkabidhi Adela vifaa akavichemshe, akaketi kiti cha kwanza, akakohoa kikubwa.

"Ndugu wananchi, mimi Mkuu wa Kitengo nimefurahi. Namkaribisha Naibu." Mbio kiti cha pili. "Namshukuru Mkuu kwa hotuba yake ndefu yenye busara." Makofi! Kiti cha tatu: "Safari ilikuwa njema, ila baiskeli haina breki."

"Polepole, Ndugu Mratibu," alisema Felisiani, akiandika muhtasari. "Haina nini?"

Kiti cha nne, Mtunza Vifaa akatangaza makoleo mawili, moja zima. Cha tano, Mwelimishaji Umma akaupigisha uwanja mzima mswaki wa vidole, kwaya ikipiga vigelegele, wanawake wakiegemeana kwa kucheka. Cha sita, Mtakwimu akainuka, uso mkavu: "Mgonjwa, mmoja. Jino, moja. Jua, robo."

Kiti cha saba akamkalisha Marselino, uso kwenye mwanga uliobaki. Sindano ya ganzi. Kungoja. "Adela, shika kichwa cha baba." Koleo zima likaingia, likazunguka mara mbili, na jino likatoka na mizizi yake mitatu, kubwa kama punje ya hindi la mbegu.

Marselino akatema. Akapapasa shavu. Akafungua kinywa taratibu, kama mtu anayefungua ghala baada ya masika.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na Adela akaanza kuruka.

Kuku saba wakaletwa na mlima wa ugali wa ulezi. Felisiani alisimama, akafunga kifungo cha juu, akasoma azimio zima la shukrani kwa maofisa saba waliojitoa mhanga, kisha akainua kalamu.

"Ndugu Mkuu wa Kitengo, Mkoa unasikiliza. Je, una agizo gani la mwisho kwa umma?"

Atusaye alimtazama Marselino, ambaye mkono wake ulishafika kwenye paja la kuku.

"Asitafunie kushoto."