Ngolo Ndani ya Beseni

Mama yangu alishuka kutoka Mbinga mwezi wa kwanza akiwa amevaa sweta, na sweta lile hakulivua mpaka siku ya tatu. Alisema baridi haitoi taarifa. Huku Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, hata mbuzi wanatafuta kivuli saa tatu asubuhi, lakini sikubishana naye. Nilikuwa na mpango wangu: nilitaka asirudi tena kule alikotoka.

Sababu ilikuwa goti. Shamba la mama liko kwenye mteremko ambao mimi, mwalimu wa michezo, huupanda kwa mikono na miguu. Mwezi wa kumi na mbili aliteleza akabiringika mpaka kwenye mibuni ya chini, akalala pale nusu siku nzima ndipo kaka yangu akamwona. Alipoulizwa kwa nini hakuita watu, alisema angewaitaje waje wamkute amelala shambani hafanyi kazi. Mimi na kaka tukaona kwamba akirudi kulima kule, safari nyingine tutakwenda kumwokota. Yeye alikubali kuja kwangu wiki mbili tu, apumzike, kisha awahi kurudi kuandaa ngolo za maharage.

Kwa asiyezijua, ngolo ni mashimo yetu Wamatengo. Unafyeka majani, unayalaza kwa miraba mlimani, unachimba katikati ya kila mraba na ule udongo unafunikia majani. Maharage yanapandwa kwenye kingo, mvua inaishia shimoni, na udongo wa mlima unabaki mlimani. Mama aliijua kazi hiyo kabla hajajua kusuka nywele.

Mimi shamba langu lilikuwa barazani. Uwanja wa nyumba yetu ya shule ni mchanga mtupu, na kinachobahatika kuota humo kinaliwa na mbuzi wa jirani. Kwa hiyo nilikusanya ndoo zilizokatika mikono, mabeseni ya zamani na madumu ya mafuta ya kula niliyoyakata vichwa. Nikayatoboa chini kwa msumari wa moto, nikajaza udongo mweusi kutoka bonde la mpunga pamoja na samadi ya mbuzi walewale. Nilikuwa na mchicha, chainizi, nyanya, na bilinganya moja iliyokuwa inajisikia sana. Nami nilijisikia. Wageni nilikuwa nawazungusha kwanza barazani ndipo nawakaribisha ndani.

Mama alizitazama mboga zangu kwa muda mrefu.

"Zimefanya kosa gani?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Hizi mboga. Mbona umezifunga?"

Jioni nilimsikia akiongea na kaka kwenye simu, kwa sauti ambayo ingefika Mbinga hata bila mtandao. "Dada yako hajambo. Analima kwenye ndoo." Akasikiliza kidogo. "Kwenye ndoo, nakwambia. Ya kuogea."

Siku ya tano nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mume wangu amepiga magoti barazani. Yeye ni mtu wa Singida, na mbele ya mkwewe hana neno jingine zaidi ya "ndiyo mama". Alikuwa analaza majani makavu kwa miraba ndani ya beseni langu, kwa sababu kwetu kulaza majani ni kazi ya mwanamume. Mama alikuwa anamfuata nyuma na mwiko wangu wa ugali, anayafunika kwa udongo. Kila beseni lilikuwa limepata shimo katikati la kutosha kikombe cha chai, na mchicha wangu umehamishiwa kwenye kingo, umepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi.

"Unalaza vizuri, mkwe," mama alimsifu. "Huko kwenu mnalima nini hasa?"

"Ndiyo mama," akajibu mume wangu.

Hayo ningeyavumilia. Na kusema kweli, yalipendeza. Jirani yangu alikuja kuyaona, akamwamkia mama shikamoo, akauliza kama na yeye anaweza kuchimbiwa.

Kilichonimaliza ni mvua. Ilinyesha siku tatu kutokea ziwani, na ilipokatika nilitoka nikakuta mabeseni yamejaa mpaka mdomoni. Mchicha ulikuwa unaelea. Nyanya zilikuwa za njano, bilinganya imeinamisha kichwa, na kwenye yale mashimo ya kikombe kulikuwa na viluwiluwi vya mbu vinacheza. Sikuelewa. Nikamwaga beseni moja, nikaligeuza.

Matundu yangu hayakuwepo. Kila moja lilikuwa limezibwa kwa kipande cha ndoo iliyokufa, kimeyeyushwa kwa kisu cha moto na kulainishwa kwa kidole gumba. Kazi safi, hata fundi asingeifikia. Nikageuza na dumu. Limezibwa.

"Mama, nani ameziba hivi vyombo?"

"Mimi," akasema kwa furaha. "Vyote vilikuwa vimetoboka. Nilishangaa mnaishije."

Leo naelewa. Yule ni mtu aliyepigana na maji yanayokimbia maisha yake yote, halafu anamkuta binti yake ameyatobolea njia kwa makusudi. Lakini siku ile nilikuwa nimeshika bilinganya iliyokufa.

"Mama, hapa si mlimani," nikasema. "Huku kwetu hujui kitu."

Maneno yalitoka hivyohivyo, mbele ya mume wangu. Mama aliingia ndani, nikasikia zipu ya begi. Alipotoka alikuwa amevaa sweta.

"Kesho naondoka na gari la asubuhi," akasema. "Huku nakula na kulala tu, na nikishika kitu naharibu. Kule najua pa kuweka mkono."

Ilinipasa kumwomba radhi palepale. Sikuweza. Nilikuwa bado na hasira, na chini ya ile hasira nilikuwa na woga, kwa sababu nilikuwa namwona amelala kwenye mibuni na safari hii hakuna anayepita. Kwa hiyo nikafanya ninachokiweza. Niliwasha jiko, nikaweka msumari, nikaanza kutoboa upya. Mama aliketi kwenye kigoda akanipa mgongo.

Beseni moja nililiweka kwenye ngazi ya juu ya baraza kwa kukosa nafasi tu. Nilipolitoboa, maji yalishuka yakaingia kwenye dumu lililokuwa ngazi ya pili, ambalo nilikuwa nimeshalitoboa, yakatoka humo yakaishia kwenye ndoo iliyokuwa chini.

Kigoda kililia. Mama alikuwa amegeuka.

"Hayo maji yamekwenda wapi?"

"Chini, mama."

"Chini wapi?"

"Kwenye dumu."

"Na ya dumu?"

"Kwenye ndoo."

Akasema, bila kuniangalia, "Usitoboe kwenye kitako, yanakimbia yote. Toboa ubavuni, vidole viwili kutoka chini, yabaki kidogo ya mizizi."

Nikatoboa ubavuni. Yakabaki kidogo.

Mama akavua sweta. Akamwita mkwewe, akamtuma matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo, na mawe ya ufukweni, bapa, si ya mviringo. "Ndiyo mama," akasema mume wangu, akabeba mpaka mgongo ukamkataa. Kabla jua halijazama, pembeni ya baraza yetu, juu ya mchanga, palikuwa na mteremko wa mawe na matofali, vyombo vyangu vimepangwa juu yake. Chombo cha juu kabisa kilifika kifuani kwa mama, cha chini alikifikia akiwa ameketi kigodani, na hakuna pahali alipohitaji kuinama wala kupanda. Alimimina kopo moja la maji juu. Yakashuka beseni kwa beseni, taratibu, mpaka ndoo ya mwisho, ambayo alikataa katakata itobolewe. Yakatulia humo.

Simu ikaita. Alikuwa kaka, anauliza kesho ampokee saa ngapi stendi.

"Siji," mama akasema. "Nimefungua shamba huku."

Kaka amewahi kufika kwangu, anajua mchanga wetu ulivyolala. Akauliza shamba hilo liko wapi.

"Mlimani," mama akasema.

Akauliza, na maharage ya kule je?

Mama aliutazama mteremko wake kidogo. "Panda wewe," akasema. "Ule mlima nimekuachia."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwachia mtu ule mlima, hata baba alipokuwa hai. Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikarudi kumwomba msamaha. Hakuniacha nimalize. Alinipa kopo la maji, akasema nianze na beseni la juu.